Kubadili jina la faili sio kubadili video: mambo tunayodanganyana kuhusu kuchoma DVD

Juzi nimeletewa tena diski na mtu analia deki yake imekufa, anaweka DVD aliyochoma mwenyewe, inazunguka weee alafu deki inasema haioni diski. Deki nzima kabisa. Nikaichomeka diski kwenye kompyuta nikakuta faili moja la MKV limelala humo peke yake vilevile lilivyokuwa kwenye laptopu, na hapo ndo nikaona niandike haya maana kila mwezi ni stori ileile.

"Faili likishaingia kwenye DVD basi hiyo ni DVD"

Hapana. Diski yenye mafaili ni diski ya data tu, sawa na flashi. Deki ya kawaida inatafuta folda inaitwa VIDEO_TS na ndani yake mafaili ya VOB, IFO na BUP. VOB ndo imebeba picha na sauti, IFO inaielekeza deki ianzie wapi, menyu iko wapi, sura ya pili inaanza dakika ya ngapi, na BUP ni nakala ya IFO endapo ile ya kwanza ikikwaruzika. Kila VOB haizidi GB 1, kwa hiyo usishtuke ukikuta filamu moja imekatwakatwa vipande vitano, haijaharibika, ndivyo inavyotakiwa iwe.

Maana yake kuna kazi tatu, sio mbili: kubadili video iwe MPEG-2, ile namna ya kubana picha ambayo DVD inaitaka, kuipanga iwe DVD yenye folda hiyo, alafu ndo kuchoma. Wengi wanaruka ya katikati. HandBrake kwa mfano ni programu nzuri sana ila inatoa MP4, MKV na WebM, haitoi DVD, na watu wanaitumia wakidhani wamemaliza. DVDStyler ni ya bure na inabadili, inapanga menyu na kuchoma humohumo. Kama folda ya VIDEO_TS unayo tayari, ImgBurn inatosha kuichoma.

Ni kweli zipo deki zinazocheza AVI kwenye diski ya data, hasa zenye nembo ya DivX. Lakini hiyo ni hisani ya deki hiyo, ukimpelekea mtu mwingine usitegemee.

"Nimetoa .mkv nimeandika .mpg, sasa ni MPEG"

Hii ndo inaniuma kuliko zote kwa sababu inapoteza diski nyingi. Ukibandua lebo ya mafuta ukabandika ya asali, ndani bado ni mafuta. MKV, AVI, MP4 ni vyombo tu, kontena. Kinachoamua kama deki itasoma ni kodeki, yaani namna picha na sauti zilivyobanwa humo ndani. Ndo maana unaweza kuwa na MP4 mbili, moja inacheza vizuri kwenye TV na nyingine inatoa sauti tu picha nyeusi, kwa sababu moja ina H.264 na nyingine ina H.265 ambayo TV ya zamani haiijui. Majina yanafanana mwishoni, vilivyomo havifanani. Fungua faili na programu ya MediaInfo kabla hujafanya chochote, itakwambia kodeki, fremu kwa sekunde, ukubwa wa picha, kila kitu.

Na kinyume chake pia watu hawakijui: kutoa video kwenye MKV kuiweka kwenye MP4 mara nyingi hakuhitaji kubadili picha hata kidogo, programu ya ffmpeg ukiiambia -c copy inahamisha tu vilivyomo na inamaliza haraka sana bila kupoteza ubora. Lakini DVD haikubali H.264, inataka MPEG-2, kwa hiyo hapo kugeuza kweli hakuepukiki.

"Faili lilikuwa MB 700 limekuwa GB 4, ubora umeongezeka"

Ukubwa umeongezeka, ubora umepungua kidogo. MPEG-2 ni teknolojia ya miaka ya 1990, inahitaji data nyingi zaidi kuonyesha picha ileile ambayo H.264 inaibana padogo. Na kila ukigeuza kuna kitu kinatupwa hakirudi, ndo maana mtu anayetoa MKV kwenda AVI, alafu AVI kwenda WMV, alafu WMV kwenda DVD anaishia na nyuso zenye vijisanduku. Geuza mara moja tu, kutoka faili la kwanza kabisa ulilonalo. Kama kuna kukata au kuunganisha, fanya kwenye faili hilo la kwanza kabla ya kugeuza.

Alafu kuna wale wanaotaka "DVD ya full HD". Picha ya full HD ni 1920 kwa 1080, DVD ya PAL, mmojawapo wa mifumo ya picha za TV, ni 720 kwa 576. Piga hesabu ya pikseli utakuta ya kwanza ni mara 5 kamili ya ya pili. Haiingii. Ukiutaka ubora huo tafuta Blu-ray, yenyewe inabeba GB 25 kwa safu moja na H.264 inaikubali.

"Diski imeandikwa GB 4.7 lakini naona 4.37, nimepunjwa"

Hujapunjwa, mtengenezaji anahesabu kwa 1000 na Windows inahesabu kwa 1024, ni kitu kilekile.

Cha kuangalia ni muda, sio ukubwa wa faili ulilotoka nalo. Video ya saa 2 inapata kama megabiti 5 kwa sekunde, hapo picha ni nzuri. Ukilazimisha saa 4 kwenye diski hiyohiyo zinabaki kama 2.6 na utaona mwenyewe watu wakikimbia picha inavyosagika. Ya dakika 60 unaweza kukaribia mwisho wake ambao ni 9.8 kwa picha, ila mimi siendi mpaka mwisho, deki nyingine zinaanza kukwama. Na sauti msiisahau jamani, LPCM (sauti isiyobanwa) ya stirio kwa saa 2 inakula karibu GB 1.4, wakati AC-3 (iliyobanwa) ya kilobiti 192 kwa sekunde haifiki hata MB 200.

"PAL na NTSC ndo zile rijoni"

Vitu viwili tofauti. Rijoni ni kufuli la wauza filamu linalozuia diski ya eneo moja la dunia kucheza kwenye deki ya eneo jingine, diski uliyochoma mwenyewe haina. PAL na NTSC ni mifumo ya picha za TV: PAL ni fremu 25 kwa sekunde, NTSC ni 29.97. Video ya simu yenye fremu 30 ukiilazimisha kuwa PAL inarukaruka, na deki nyingi za PAL zinasoma NTSC bila shida, kwa hiyo jaribu NTSC kwanza.

Watu wakiwa wanene au wembamba ni 4:3 na 16:9 (umbo la picha, upana kwa urefu) umechanganya, rudi kwenye mipangilio uchague sahihi.

"Choma kwa kasi ndogo kabisa ndo salama"

Diski za 16x hazikutengenezewa kasi ya 1x, mimi natumia 4x au 8x. Kinachoua diski nyingi ni kutoifunga mwishoni (finalize): isipofungwa kompyuta yako inaisoma lakini deki inaikataa. Diski za RW, zile za kufuta na kuandika tena, nazo zinarudisha mwanga hafifu, deki za zamani zinaweza kuzigomea, tumia DVD-R.

Na tafadhali, video ya harusi au ya mzazi wako ukishaichoma usifute ile ya kwanza. DVD-R ina rangi inayoharibika kwa jua na joto, na kilichomo humo ni nakala iliyopunguzwa tayari, faili la kamera ndo lenye picha yote.