Msitu Wenye Wenyewe: Vijiji, Asasi na Ulinzi wa Misitu ya Asili Tanzania

Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kwamba Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48 za misitu, na kwamba karibu nusu ya eneo hilo imo ndani ya ardhi ya vijiji. Kwa hiyo ulinzi wa misitu yetu ya asili hauwezi kuachiwa askari wa misitu wa serikali peke yao, maana hata idadi yao ikiongezwa mara kumi hawatatosha kuzunguka misitu yote ya miombo, yaani misitu ya asili ya miti iliyotawanyika, ya Lindi, Ruvuma, Tabora na Katavi. Anayeuona msitu kila siku ni mwanakijiji, na ndiye anayejua gari la mbao lilipita saa ngapi na kuelekea wapi. Swali linalotuhusu sisi wataalamu wa misitu pamoja na asasi za kiraia ni moja: je, mwanakijiji huyo ana haki gani juu ya msitu huo, na anapata nini anapoulinda?

Sheria imekwisha kutoa jibu, ingawa wananchi wengi hawajalisikia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi hiyo kuwa Msitu wa Hifadhi wa Kijiji. Msitu ukishatengwa kwa taratibu zinazotakiwa, kijiji huandaa mpango wake wa usimamizi, hutunga sheria ndogo, hutoza faini, hukamata mazao yaliyovunwa kinyume cha utaratibu, na hubaki na mapato yanayotokana na mavuno halali. Mahali ambapo hatua hiyo haijachukuliwa, mti hukatwa kwenye ardhi ya kijiji huku wanakijiji wakitazama magogo yanavyoondoka, na kinachowabakia ni visiki.

Tofauti hiyo imeonekana wazi wilayani Kilwa. Huko mpingo, mti ambao mbao zake hutumika kutengenezea zumari za Ulaya na ambao wachonga vinyago wa Kimakonde wameutegemea kwa vizazi, ulikuwa ukivunwa na wafanyabiashara bila kijiji kunufaika. Mpingo hukua polepole sana, na hukadiriwa kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, kwa hiyo kosa linalofanywa leo hugharimu vizazi viwili au vitatu. Shirika la Uhifadhi na Maendeleo ya Mpingo lilifanya kazi na vijiji vya huko hatua kwa hatua: kupima msitu, kuhesabu miti, kukokotoa kiasi kinachoweza kuvunwa bila kuumaliza, na kuweka alama kila gogo ili asili yake ifahamike hadi linapomfikia mnunuzi. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwa miongoni mwa vya mwanzo, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa na kuvunwa ipasavyo, na ikawa ya kwanza barani Afrika kupata cheti hicho kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Cheti hicho ni kitu kizuri, lakini kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni kwamba kamati ya kijiji iliweza kukaa mezani na mnunuzi ikiwa na takwimu zake yenyewe mkononi.

Wilayani Kilosa suala lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilihusu mkaa, na mkaa huchukuliwa na wengi kuwa adui wa msitu moja kwa moja. Kuanzia mwaka 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, pamoja na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania, yaani MJUMITA, kwa ufadhili wa Serikali ya Uswisi, walisaidia vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Kitunduweta kutenga sehemu ndogo ya msitu wa kijiji kwa ajili ya mkaa na kuacha sehemu kubwa bila kuguswa. Eneo la mkaa hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyopishana kama nyumba za ubao wa drafti, kimoja kikivunwa na cha jirani kikiachwa, na kitalu kilichovunwa hakirudiwi mpaka ipite miaka 24. Utaratibu huu unategemea tabia ya miti ya miombo, ambayo mizizi yake hubaki hai baada ya shina kukatwa, na machipukizi yake hukua kwa kasi kuliko mche uliopandwa, kwa kuwa yanalishwa na mizizi iliyokwisha kukomaa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba hatari kubwa katika maeneo hayo ni kufyeka msitu na kuugeuza shamba, kwani mkulima hung'oa kisiki, huchoma mabaki na kulima kila mwaka, hata uwezo wa msitu kujirudia ukafa kabisa. Kijiji kinachopata fedha halali kutokana na mkaa wa vitalu kina sababu ya kulikataa ombi la mtu anayetaka kufyeka msitu, na ushuru unaolipwa na wachoma mkaa umesaidia vijiji kujenga vyumba vya madarasa, kuboresha huduma za afya na maji, na kulipia doria. Asiyependa kusikia mkaa ukitajwa pamoja na uhifadhi naomba azingatie kwamba kaya nyingi za Dar es Salaam bado zinaupikia, na utatoka mahali fulani, uwe umepangwa au haujapangwa.

Wala utunzaji huu haukuanza na miradi. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokolea. Mkoa wa Shinyanga ulipofyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, ngitili nyingi zilitoweka, na mwaka 1986 zilizojulikana zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, haukuleta utaratibu mgeni, uliwapa wananchi nafasi ya kuurudisha wa kwao, na ulipomalizika mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimefikia zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800.

Kutokana na mifano hii, kijiji kinachofuatwa na asasi yoyote kina haki ya kuuliza mambo kadhaa kabla ya kukubali. Je, nyaraka zitakazoandaliwa, yaani ramani ya mipaka, tathmini ya miti, mpango wa usimamizi na sheria ndogo, zitabaki ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili ambacho kila mjumbe anakisoma? Nani atakuwa mtia saini wa akaunti ya fedha za msitu? Wajumbe wapya wa Kamati ya Maliasili, inayosimamia msitu wa kijiji, watafundishwa na nani baada ya mradi kufungwa? Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao sheria inataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu, ndipo mahali pa kusomewa mapato na matumizi ya msitu, na mwanakijiji asiyesomewa hesabu hizo anaweza kuzidai hapo hapo. Kijiji ambacho hakijaanza kabisa kifungue suala hili kwa Afisa Misitu wa wilaya, kikiwa na cheti cha ardhi ya kijiji na muhtasari wa Mkutano Mkuu unaoonyesha kwamba wananchi wamekubali kutenga msitu wao.