Je, wajua kwa nini mashine pepe iliyonakiliwa kikamilifu inaweza kukataa kuamka siku ya maafa?

Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 10 Machi 2021, moto uliwaka katika kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo la ghorofa tano lililojulikana kama SBG2 liliteketea lote, sehemu ya jengo jirani la SBG1 nayo ikaungua, na majengo mengine mawili yaliyosalimika yakalazimika kuzimwa. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti nyingi zilitoweka kwa mpigo, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba hata nakala rudufu walizokuwa wakizitegemea ziliwekwa palepale palipoungua. Tangu siku ile ushauri wa kuweka nakala mbali umerudiwa mara nyingi, nao ni ushauri sahihi. Kisichosemwa sana ni kwamba nakala inaweza kuwa mbali, ikawa nzima, isiwe imepungukiwa na chochote, na bado mashine isiamke inapowashwa ugenini.

Ili kuona sababu, ni lazima kwanza tujue mashine pepe ni kitu gani. Ni kompyuta isiyo na bati wala nyaya zake yenyewe: ndani ya seva moja halisi, programu simamizi kama VMware ESXi au Hyper-V hugawa kichakataji, kumbukumbu na diski, kisha kila mashine pepe hupewa fungu lake na kujiona kuwa ni kompyuta kamili. Diski yake ni faili tu, na kwa kuwa ni faili, ni rahisi kudhani kwamba kuinakili kunatosha kuiokoa. Lakini mashine iliyokaa mahali pamoja kwa miaka huwa imepazoea mahali hapo. Inazijua diski zake kwa majina zilizopewa pale, ina draiva (programu ndogo za kuendeshea vifaa) za vifaa vya pale, ina anwani ya IP ya mtandao wa pale, na kila inapowaka huwaulizia majirani wa pale, yaani seva nyingine inazozitegemea. Mazoea hayo yote hunakiliwa pamoja nayo, nayo ndiyo yanayoikwamisha siku inapoamkia kwingine. Kuiandaa mashine pepe kwa ajili ya maafa ni kuifungua kamba hizo ingali nyumbani, wakati ambapo mtu bado anaweza kuingia ndani yake na kurekebisha.

Tuanze na diski. Katika mfumo wa Linux kuna faili fupi iitwayo /etc/fstab, inayoorodhesha diski zipi zipachikwe wapi mfumo unapowaka. Mstari mmoja unaweza kusema kwamba /dev/sdb1 ipachikwe kwenye folda ya /data. Herufi b hapo si jina la kudumu la diski. Ni nafasi yake kwenye foleni, kwa sababu keneli, yaani kiini cha mfumo, huzipa diski herufi kadiri inavyozikuta. Ugenini, diski ileile inaweza kukutwa ya tatu na kuitwa sdc. Ikiwa hakuna sdb1 kabisa, mifumo inayotumia systemd, programu inayosimamia uwakaji wa Linux, huisubiri kwa sekunde 90, kisha huingia katika hali ya dharura na kudai nywila ya msimamizi kwenye skrini ambayo pengine hakuna mtu anayeitazama. Ikiwa sdb1 ipo lakini ni diski nyingine, mambo huharibika kimyakimya, na hilo ndilo baya zaidi.

Dawa yake ni ndogo. Amri ya blkid huonyesha utambulisho wa kudumu wa kila diski, yaani UUID, na utambulisho huo ndio unaopaswa kuandikwa katika fstab badala ya sdb1. Wapo wanaoongeza neno nofail kwenye kila mstari ili mashine iwake hata diski ikikosekana. Mimi siungi mkono kufanya hivyo kwa diski ya hifadhidata, kwa kuwa hifadhidata inaweza kuanza juu ya folda tupu na watumiaji wakaanza kuandika humo kabla mtu hajatambua kwamba data halisi haikupachikwa.

Upande wa Windows, tatizo linalolingana na hilo ni draiva. Mashine iliyozoea vifaa pepe vya VMware ikihamishiwa kwenye mazingira ya Hyper-V bila draiva ya diski inayohitajika wakati wa kuwaka, huishia kwenye skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hata ikiwaka, diski za ziada zinaweza kubaki zimezimwa (offline), isipokuwa sera ya diski iwe imebadilishwa mapema kwa programu ya diskpart kuwa onlineall. Huduma ya kuingia kwa mbali nayo iwashwe kabla, iwe SSH au Remote Desktop, na faiawoli, yaani ukuta wa kulinda mtandao, iruhusu, kwa sababu ugenini hakuna kibodi ya kwenda kuketi mbele yake.

Sasa tuje kwenye jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote: hali ya data wakati nakala inapochukuliwa. Fikiria mwanachama wa SACCO anaweka shilingi 50,000. Mfumo unaandika kwamba fedha zimepokelewa, kisha unaongeza salio lake. Maandishi mengine yameshafika kwenye diski, mengine bado yako kwenye kumbukumbu. Nakala ikichukuliwa katikati ya hapo, itakuwa sawa na kompyuta iliyong'olewa waya wa umeme ghafla. Hifadhidata nzuri huweza kujiponya kutokana na hali hiyo, kwa kusoma daftari lake la miamala na kufuta kilichokatika njiani, lakini si kila programu imeandikwa kwa uangalifu huo. Ndiyo maana kuna aina ya pili ya nakala, ambapo programu huombwa kwanza imalize inachoandika, imimine kilichomo kwenye kumbukumbu, na itulie kwa muda mfupi mpaka picha ya diski ichukuliwe. Katika Windows kazi hiyo hufanywa na huduma ya VSS, na katika Linux kwa amri kama fsfreeze ikisaidiwa na hati ndogo zilizoandikwa kwa ajili ya hifadhidata husika. Katika Azure Site Recovery, huduma ya Microsoft ya kunakili mashine ugenini, kwa mfano, nakala za aina ya kwanza huchukuliwa kila baada ya dakika 5, ilhali zile za utulivu hupangwa kwa saa, kwa kuwa kuituliza programu huichosha.

Mashine zinazotegemeana zinapaswa pia kunakiliwa kama kundi, kwa wakati mmoja. Seva ya programu ikirudi ikiwa ya saa nne na dakika kumi, na hifadhidata ikiwa ya saa nne kamili, kutakuwa na risiti zisizo na miamala yake. Kundi hilo linahitaji vilevile utaratibu wa kuamka: seva ya majina na ya utambulisho kwanza, hifadhidata baadaye, kisha programu. Saa nayo isisahauliwe, maana Kerberos, itifaki ya kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida hukataa kumtambua mtumiaji saa za mashine zikipishana kwa zaidi ya dakika 5.

Kisha kuna njia ya kupitishia data. Diski yenye ujazo wa terabaiti 1, ikipitishwa kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde isiyo na kazi nyingine, huchukua saa 22 hivi kufika mara ya kwanza. Baada ya hapo hutumwa mabadiliko tu, lakini mabadiliko ya gigabaiti 20 yakitokea yote ndani ya saa mbili za kufunga hesabu, yanahitaji takriban megabiti 22 kwa sekunde katika saa hizo. Faili za muda za mfumo zinaweza kuhamishiwa kwenye diski ya peke yake na diski hiyo isinakiliwe, ili kupunguza mzigo. Ila ukifanya hivyo kwa tempdb, hifadhidata ya muda ya programu ya SQL Server, hakikisha diski ya namna hiyo inaundwa ugenini, vinginevyo SQL Server haitawaka. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuiangalia laini: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu. Siku kama hiyo urudufishaji hubaki nyuma, na kiasi ulichobaki nyuma ndicho kiasi cha data kitakachopotea maafa yakitokea saa hiyo.

Urudufishaji pia haubagui. Virusi vya kufunga faili vikiingia, uharibifu hufika ugenini baada ya dakika chache, kwa hiyo nakala za siku zilizopita, zisizofutika, bado zinahitajika.

Maandalizi hayo yote huthibitishwa kwa jaribio, na jaribio lifanyike katika mtandao uliotengwa kabisa. Nakala inapoamka haijui kwamba ni nakala. Ina anwani ileile, jina lilelile, na ratiba zilezile. Ikiachwa ifike nje, inaweza kuwatumia wanachama ujumbe wa madeni kwa mara ya pili.

Jumamosi moja tulifanya jaribio kama hilo kwa taasisi ndogo ya fedha, tukiwa tumeanza kuhesabu muda tangu pale meneja alipotamka kwamba makao makuu yachukuliwe kuwa hayapo. Mashine zote sita ziliwaka ndani ya dakika kumi na moja, na chumba kikachangamka. Kisha karani akajaribu kuingia kwenye mfumo, akakataliwa. Ilituchukua karibu saa tatu kugundua kwamba anwani ya hifadhidata ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu ndani ya faili moja ya mipangilio, badala ya jina, na tarakimu zile zilikuwa za mtandao ambao katika jaribio letu haukuwepo tena. Jumatatu tuliubadilisha mstari ule. Tulipolirudia jaribio mwezi uliofuata, karani aliingia dakika ya kumi na tisa, akafungua akaunti ya majaribio, akaweka shilingi elfu moja na kuchapisha risiti.