Saa mbili si saa nane

Jumamosi moja nikiwa nyumbani Ipagala, jirani alibisha hodi akiwa na shangazi yake kutoka Chamwino. Mama wa miaka hamsini na kitu, amekonda, macho yamejitokeza, vidole vinatetemeka hadi kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili. Shingoni ana rovu. Vipimo vya damu vilishaonyesha tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na mkobani alikuwa na barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam kunywa iodini ya mionzi. Nauli haikumsumbua, wala hospitali yenyewe. Aliuliza hivi: "Mwanangu, nikirudi nikambeba mjukuu wangu, nitamuunguza?"

Mimi ni mfizikia wa tiba ya nyuklia. Siku za kazi niko Dar nikipima dozi, mwisho wa wiki napanda treni ya SGR narudi Dodoma. Swali la mama yule ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye saa. Ndiyo maana nitaanza na kosa letu wenyewe.

Kulikuwa na mzee kutoka Kondoa, ana saratani ya tezi dume, ameletwa kupigwa picha ya mifupa tuone kama ugonjwa umesambaa. Barua aliyopewa iliandikwa "8:00". Mzee akaisoma kama Mswahili yeyote angeisoma: saa nane. Sisi tulikuwa tunamngoja saa mbili asubuhi.

Dawa tunayotumia kwa picha hiyo imebeba teknesiamu-99m, elementi yenye mionzi, na nusu-maisha yake ni saa 6. Maana yake, kila saa 6 zikipita, nusu ya mionzi yake imekwisha. Sindano ya milikyuri 20 (ndicho kipimo chetu cha mionzi) iliyokuwa tayari saa mbili, mzee alipoingia saa nane akifuta jasho, ilikuwa imebaki 10. Hakuna friji inayozuia hilo. Kesho yake saa mbili ingekuwa imebaki kama 1 na robo.

Kilichotuokoa ni ng'ombe. Ndivyo tunavyokiita chombo kidogo chenye kuta za madini ya risasi ambacho ndani yake kuna molibdenamu-99, inayozaa teknesiamu muda wote. Unapitisha maji ya chumvi, unakamua. Ukiacha hadi kesho, kiwele kimejaa tena. (Kwa Wagogo sihitaji kueleza zaidi.) Ila ng'ombe huyu anazeeka haraka, nusu-maisha yake ni saa 66, kwa hiyo wiki ikiisha maziwa ni kama moja ya sita ya yale ya mwanzo, na lazima aletwe mwingine. Siku ile tulimkamua mara ya pili, akatoa karibu nusu ya yale ya asubuhi, yakatosha. Mzee akachomwa sindano, akaambiwa anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara, akasubiri saa 3 dawa ishike mifupani. Tulitoka usiku. Tangu hapo barua zetu zinaandikwa kwa maneno: saa mbili asubuhi.

Alipolala kitandani aliiogopa kamera ya gama, mashine inayopiga picha hiyo. Wengi huiogopa. Lakini mashine ile haitoi mionzi hata chembe. Inapokea tu. Kinachong'aa ni mifupa ya mgonjwa.

Sasa turudi kwa mama. Iodini-131 ni ndugu wa iodini iliyomo kwenye chumvi ya mezani, na tezi ya shingo haijui kuwatofautisha. Inaimeza kwa pupa, nayo inapofika inatoa chembe za beta ambazo hazivuki milimita 2 hivi za nyama. Tezi inachomwa kutoka ndani, jirani zake wanabaki salama. Tiba si ngeni: daktari Saul Hertz aliwapa wagonjwa wa rovu iodini ya mionzi kule Boston tangu 1941. Baadaye wengi tezi inalegea mno, wanameza vidonge vya homoni maisha yao yote. Hilo watu hawaambiwi mapema, na linaniudhi.

Pamoja na beta kuna miale ya gama, na hiyo inatoka nje ya mwili. Hapo hofu yake ina msingi. Nusu-maisha ya iodini hii ni siku 8, si saa 6. Bahati nzuri sehemu kubwa ya ile isiyoshikwa na tezi hutoka kwa mkojo siku mbili za mwanzo, kwa hiyo nilimwambia: choo kimwagiwe maji ya kutosha, mikono inawe kila mara, kikombe na kitanda viwe vyake peke yake. Asipande treni siku hiyo hiyo akakaa bega kwa bega na mjamzito hadi Dodoma, alale kwanza kwa nduguye mwenye chumba cha ziada. Kumpakata mtoto mdogo asubiri wiki mbili au tatu, kadiri karatasi ya dozi itakavyosema.

"Kwa hiyo nisimwone kabisa?"

Umuone, mama. Ukitoka nusu mita ukafika mita moja, kinachomfikia ni robo. Mita mbili, moja ya kumi na sita.

Mita hazikumwambia kitu. Akainuka, akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye kochi. "Hadi mlangoni?"

"Hata nusu ya hapo."

Akasimama katikati ya sebule, akautazama mlango, akalitazama kochi. "Basi atalala na mama yake. Mimi nitamwimbia kutoka hapa."