Kabla hujalipia Xeon ya kori 14

Kuna imani imeota mizizi kwa wanunuzi wa mashine za kazi hapa Dar, na wiki hii nimeulizwa tena kwa maneno yaleyale: "Kaka, kwa hela hii si bora nichukue Xeon? i5 si ya ofisini tu?" Muulizaji ana picha ya tangazo kwenye simu: HP Z440 ya mtumba, Xeon E5-2680 v4, kori 14 (vitengo vya kazi ndani ya prosesa), thredi 28 (kazi inazoweza kushika kwa mpigo), ramu GB 32. Pembeni yake kuna mashine ya Core i5-12400 yenye kori 6, na bei zinakaribiana. Moyoni ameshachagua, anatafuta wa kumuitikia amina.

Siitikii. Na kwa kuwa kwenye simu huwa naishia kueleza nusunusu, nimeamua kuandika yote hapa niwe natuma kiungo.

Intel imekuwa ikilitumia jina Xeon tangu 1998 kwa prosesa za seva na za mashine za kazi nzito. Ndani ya jina hilo kuna zenye nguvu na dhaifu, kama ilivyo ndani ya jina Core. Mara nyingi hata ni kitu kilekile. Xeon E3-1231 v3, iliyopendwa sana enzi zake, ilikuwa kwa vitendo i7 ya kizazi cha nne iliyozimwa grafiki ya ndani. Xeon E5-1650 v3 na Core i7-5820K zote ni za ukoo wa Haswell, zote zina kori 6, zote zinakaa kwenye soketi ya 2011-3. Anayekuambia Xeon "imetengenezwa tofauti" muombe akuonyeshe tofauti hiyo ndani ya kori yenyewe. Kwa Xeon za enzi hizo hataipata.

Tofauti iko kwenye milango inayoizunguka kori: chaneli nyingi za ramu (njia za data kati ya ramu na prosesa), njia nyingi za PCIe (za kuunganisha kadi kama za grafiki), ECC (ramu inayosahihisha makosa yake), uwezo wa kuweka prosesa mbili kwenye bodi moja. Hayo ni mambo ya maana sana kwa mwenye kazi inayoyahitaji. Ila hakuna hata moja kati yake linaloifanya kori yako ikimbie zaidi.

Tuingie kwenye namba. E5-2680 v4 ilitoka 2016. Kasi yake ya msingi ni 2.4 GHz, na kori moja ikifanya kazi peke yake inapanda hadi 3.3 GHz. i5-12400 ilitoka Januari 2022 na inapanda hadi 4.4 GHz. Tena GHz zenyewe hazilingani, kwa sababu kori ya 2022 inamaliza kazi nyingi zaidi katika kila mzunguko kuliko ya 2016. Ukiyachanganya hayo mawili, kori moja ya i5 hii inakaribia kuzidi kori moja ya ile Xeon mara mbili. Zote zikitumika kwa pamoja, 14 dhidi ya 6, zinakaribiana sana. Hapo naomba usome mara mbili. Siku ile Xeon inapobanwa hadi kori ya mwisho, ndiyo siku inayotoa sare. Siku zilizobaki inaachwa.

Na siku zilizobaki ndizo nyingi, kwa sababu programu tunazotumia hazigawanyiki tunavyodhani. Mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hili mwaka 1967 na hesabu yake haijabadilika. Chukua kazi ambayo asilimia 90 yake inagawanyika, asilimia 10 lazima ipite kwenye kori moja. Kori 6 zitaiharakisha mara 4. Kori 14 zitaiharakisha mara 6 na kidogo. Umeongeza kori zaidi ya maradufu, umepata nyongeza ya nusu tu. Sasa kumbuka kwamba kila kori ya upande wa 14 ina takriban nusu ya nguvu ya ile ya upande wa pili. Asilimia 90 kwangu ni ukarimu, maana kazi nyingi za kuchora hazifiki hapo.

Wachora ramani ndio wanaoumia zaidi kwenye jambo hili. AutoCAD kwa sehemu kubwa inatumia kori moja. Revit inagawanya baadhi ya kazi, kama kurenda, lakini ule muda unaoupoteza kutwa nzima ukifungua modeli, ukihamisha ukuta na kusubiri kila kilichoungana nao kifuate, unategemea kori moja au mbili. Fungua Task Manager, nenda Performance, chagua CPU, bofya kulia kwenye grafu na uibadilishe ionyeshe prosesa moja moja. Kwenye ile Xeon utaona visanduku 28. Sasa hamisha kitu kizito kwenye modeli yako. Juu itasoma asilimia 4 hivi, na hapo ndipo watu wanaponiambia, "Unaona? Mashine haijaguswa hata kidogo." Imeguswa, tena imefika mwisho! Thredi moja kati ya 28 ni asilimia 3.6 ya jumla. Kazi imejaza thredi moja mpaka juu na nyingine 27 hazina la kufanya. Windows pia huihamishahamisha hiyo kazi kutoka kori moja hadi nyingine, kwa hiyo pengine hutaona kisanduku kimoja kimejaa, utaona kadhaa vimeinuka kidogo kidogo. Picha hiyo inawadanganya hata mafundi.

Kwa watu wa harusi na send-off habari ni nyingine, na ni mbaya zaidi. Kamera kama Sony A7 IV inarekodi H.265 ya biti 10, 4:2:2, yaani video iliyobanwa sana lakini yenye rangi nyingi. Kuifungua klipu hiyo kwenye taimlaini kwa nguvu ya kori tupu ni mateso. Grafiki ya ndani ya Intel, kuanzia kizazi cha 11 (i5-12400 ni ya 12), ina kifaa maalumu cha kuifungua, Quick Sync, na programu ya kuhariri ya Premiere Pro inakijua. Kadi za Nvidia hazikuifungua 4:2:2 hadi zilipokuja RTX 50 mwaka 2025. Xeon E5 haina grafiki ya ndani kabisa. Kwa hiyo mhariri anaingia na Xeon yake ya kori 14, kaweka na GPU (kadi ya grafiki) ya maana, taimlaini inakwama, na jirani yake mwenye i5 "ya ofisini" anacheza klipu ileile bila proksi (nakala nyepesi za kuhariria). Angalizo moja tu: i5-12400F, yenye herufi F mwishoni, imenyimwa grafiki ya ndani. Wauzaji wengi huitaja F kama kitu kidogo. Kwa mhariri, F ndiyo kila kitu.

Sasa nije kwenye ramu, maana hapa uvumilivu wangu unaisha.

Sifa halali ya ile Xeon ni chaneli 4 za ramu. DDR4-2400 kwa chaneli 4 inatoa GB 76.8 kwa sekunde. Kwa kazi zinazokula ramu kwa mfululizo, kama simulesheni za mtiririko wa maji au kuendesha modeli za lugha kwenye prosesa, hiyo ni faida ya kweli, na i5 yenye DDR4-3200 kwa chaneli 2 inaishia GB 51.2. Hapo Xeon imeshinda na nakubali mbele ya kila mtu. Lakini fungua kava la mashine unayouziwa. Z440 ina nafasi 8 za ramu. Mara nyingi utakuta ramu mbili za GB 16 zimekaa humo, basi. Chaneli mbili zinafanya kazi, mbili hazina kitu. Ile GB 76.8 imekuwa GB 38.4, chini ya i5! Nimeona hata yenye ramu moja ya GB 32, yaani chaneli moja, GB 19.2 kwa sekunde kwa ajili ya kori 14. Muuzaji anaandika "GB 32" kwenye tangazo na hajadanganya. Mnunuzi kalipia barabara ya njia nne, tatu zimefungwa, halafu anashangaa foleni.

Ukitaka faida ya chaneli 4, dai ramu 4 zinazofanana, kila moja kwenye chaneli yake kwa mpangilio uliochorwa ndani ya kava. Wala usidhani hiyo GB 76.8 ni ya Xeon peke yake. i5-12400 ileile ikiwekwa kwenye bodi ya DDR5-4800, chaneli zake 2 zinatoa GB 76.8 hizohizo. Miaka sita ya maendeleo imezifuta chaneli mbili zilizozidi.

Jambo dogo linalotoka hapo: ramu za mtumba za seva, zilizoandikwa RDIMM, ni bei rahisi na zinatamanisha, lakini haziwaki kwenye mazabodi ya kawaida. Usinunue ukitarajia kuja kuzihamishia kwenye i5 baadaye.

Basi prosesa ya mashine za kazi ni ya nani? Ni ya mtu ambaye kazi yake imegonga ukuta halisi wa mashine ya kawaida. Ukihitaji GPU tatu au nne kwenye bodi moja, i5-12400 inakupa njia 20 tu za PCIe kutoka kwenye prosesa, ile E5 inakupa 40. Njia za i5 ni za kizazi kipya chenye kasi zaidi, ndiyo, ila kasi hiyo haigeuki kuwa nafasi ya kuchomeka kadi ya pili na ya tatu. Ukihitaji ramu nusu terabaiti, bodi ya kawaida haifiki huko. Ukirenda kwa prosesa usiku kucha, Threadripper, prosesa ya AMD ya mashine za kazi, ya kori 32 au 64 itairudisha hela yake. Threadripper PRO 7995WX ya 2023 ina kori 96, chaneli 8 na njia 128 za PCIe, na bei yake ya kuzinduliwa ilikuwa dola 9,999. Anayeihitaji huwa haulizi mtu, kwa sababu kazi imeshamwambia. Hata hiyo E5 ya mtumba ina mahali pake: kijana anayejifunza mitandao na anataka kuendesha mashine pepe kumi kwa wakati mmoja hatapata kitu bora kwa bei ile. Huyo namuuzia kwa moyo mweupe.

Nakuja kwenye ECC, na hapa sina jibu la kukata. ECC ni ramu inayogundua na kusahihisha biti iliyogeuka. Mwaka 2009 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha utafiti kuhusu seva za Google, na zaidi ya asilimia 8 ya ramu zilipata hitilafu ndani ya mwaka. Namba hiyo inatisha. Lakini zilikuwa ramu za vizazi vya zamani, kwenye vituo vya data vinavyofanya kazi saa zote, na hitilafu nyingi zilitokana na ramu zilezile mbovu kurudia kukosea. Je, ina maana gani kwa mtu wa harusi ambaye mashine yake inazimwa usiku? Biti ikigeuka kwenye pikseli moja ya video hakuna atakayeona. Ikigeuka kwenye hesabu ya nguzo za jengo, au kwenye hifadhidata ya malipo, huenda pia asione mtu, na hilo ndilo linaloninyima raha. Kwa wahandisi wa miundo na kwa seva za hesabu nasisitiza ECC. Kwa wengine nasitasita, na nikibanwa nasema weka hela kwenye diski ya pili ya kuhifadhi nakala. Kuna wanaosema DDR5 zote zina ECC sasa. Ile ya ndani ya chipu hairekebishi kinachoharibika njiani kati ya ramu na prosesa, wala haiiambii Windows kwamba kuna tatizo. Tena ECC kamili si mali ya Xeon pekee: Core nyingi kuanzia kizazi cha 12 zinaikubali zikiwa kwenye bodi ya W680, na Ryzen nyingi za AMD zinaikubali kwenye baadhi ya bodi.

Jambo la pili linalonifanya nisijigambe ni uimara. Nilizoea kusema prosesa haifi, kinachokufa ni bodi na pawa saplai. Kisha 2024 Intel ikakiri kwamba prosesa za kawaida za vizazi vya 13 na 14, hasa zile kubwa za i9, zilikuwa zikipokea volti kupita kiasi na kuharibika, ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Kwa hiyo anayesema "mimi nataka Xeon kwa sababu inadumu" siwezi tena kumjibu kwa mkato. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kizazi cha 12 hakikuwemo, na kwamba Xeon ya mtumba ina miaka ya kazi mgongoni ambayo hakuna anayejua iliipitiaje.

Mengine kwa haraka. E5 v4 haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Utaambiwa kuna njia ya kuzunguka, na ipo, ila ni wewe utakayeibeba. E5 v2 usiiguse kabisa, haina AVX2 (amri za hesabu za prosesa mpya zaidi) na programu kadhaa za sasa zinaikataa. Pawa saplai na mazabodi za Z440 ni za HP kwa umbo na kwa plagi; ikiungua moja huingii duka lolote Kariakoo ukatoka na mbadala. Prosesa ya wati 120 na ya wati 65 hazilingani kwenye LUKU wala kwenye UPS.

Ukishayajua hayo na bado unasita, usinipigie kwanza. Chukua mradi wako mzito kabisa, modeli ya Revit inayokutesa au klipu za harusi ya mwisho, weka kwenye diski ya nje, nenda nayo dukani. Omba uifungue kwenye mashine zote mbili, Task Manager ikiwa wazi pembeni, na ufanye kazi yako ya kawaida kwa robo saa kila moja. Muuzaji akikukatalia, nenda duka la pili.