Simujanja yenye kamera: ujanja ulikuwa wapi?

Katika kabati la kioo la fundi simu mmoja pale Darajani, chini ya chaja zilizosokotana, imelala Nokia 7650. Nilikwenda kubadilisha kioo cha simu yangu. Kijana aliyekuwa akisubiri zamu yake aliiona kabla yangu.

"Fundi, na hii nayo ni simujanja?"

"Tena ya mwanzo mwanzo," fundi akamjibu bila ya kuinua macho.

Kijana hakukubali. Ina vitufe, kioo chake hakipanguswi, kamera yake haifiki hata megapikseli moja. Ujanja wake uko wapi?

Swali lake ni la haki, kwa sababu hapa Unguja neno simujanja tumelifunga kwenye kioo. Ikipanguswa kwa kidole ni janja, ikibonyezwa ni kitochi. Lakini neno lilianza na maana nyengine. Simu ya kawaida hutoka kiwandani na kazi zake zote zimeshapangwa: kupiga, ujumbe, saa, kikokotoo, mchezo wa nyoka. Hufa na kazi zake zile zile, na haipokei kazi mpya. Simujanja ni kompyuta ndogo iliyopewa kazi ya simu. Ina mfumo endeshi, yaani programu mama inayogawa kumbukumbu na kuziendesha programu nyengine, na mwenye simu anaweza kuiongezea programu ambazo waliotengeneza simu hawakuzifikiria. Mfumo wa 7650 uliitwa Symbian.

Kamera na ujanja vilikuja kwa njia mbili tofauti. Kule Japani, Novemba 2000, ilitoka simu ya Sharp iliyoitwa J-SH04, yenye kamera ya pikseli 110,000. Ilipiga picha na ikazituma, lakini haikuwa simujanja. Upande wa pili, tangu 1996 ilikuwapo Nokia 9000, iliyofunguka katikati kama kitabu na ndani yake mkawa na kibodi kamili; hiyo ilikuwa na ukompyuta bila ya kamera. Nokia 7650 ilitangazwa Novemba 2001 na ikaingia madukani 2002. Ilikuwa simu ya kwanza ya kampuni hiyo kuwa na kamera ndani yake, na kwa wengi ndipo njia mbili zile zilipokutana.

Hilo neno "ndani yake" linataka maelezo. Wakati huo zilikuwapo pia kamera ndogo za kuchomeka chini ya simu, unaibeba mfukoni, ukitaka picha unaipachika. Kamera ya ndani imeungwa moja kwa moja na kioo, kumbukumbu na orodha ya majina. Katika 7650 unaweza kupiga picha ndogo ya uso, ya pikseli 80 kwa 96, ukaibandika kwenye jina la mtu. Akikupigia, sura yake inatokea. Leo hatulioni kuwa ni jambo. Lakini picha hapo imeshaacha kuwa kitu cha kutazamwa tu, imekuwa faili ambalo programu nyengine inalichukua na kulifanyia kazi.

Picha yake kubwa ilikuwa ya pikseli 640 kwa 480. Pikseli ni nukta moja ya rangi, kama ushanga mmoja katika mkufu. Zidisha, utapata nukta 307,200, ambazo ndizo tunazoziita megapikseli 0.3. Sasa fanya hesabu pamoja nami, kwa sababu hapa ndipo unapoonekana ufundi wenyewe. Kila nukta huhitaji baiti tatu, baiti ikiwa ni kipimo kidogo cha kumbukumbu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Hiyo ni baiti 921,600 kwa picha moja. Kumbukumbu yote ya simu ilikuwa karibu megabaiti 4, yaani kama baiti milioni nne, tena ya kugawana na majina, ujumbe na programu, na mlango wa memori kadi haukuwapo. Picha nne tu, simu imejaa.

Iliyookoa ni njia ya kubana picha iitwayo JPEG. Hutafuta sehemu zinazofanana, mathalani bahari nzima mbele ya Forodhani, ikaziandika kwa ufupi, na ikatupa tofauti ndogo ambazo jicho halizishiki. Picha hubaki kilobaiti makumi tu. Mpaka leo picha unazorushiwa kwenye WhatsApp hubanwa kwa njia hiyo hiyo.

Kioo cha 7650 kilikuwa na nukta 176 kwa 208 na rangi 4,096, kwa hiyo picha ilikuwa na nukta mara nane ya zile ambazo kioo kingeweza kuzionesha. Ulichokipiga hukukiona chote mpaka ukipeleke kwenye kompyuta. Na ukitaka kuichapisha kwa ubora wa studio, nukta 300 kwa kila inchi, ungepata karatasi ya takriban sentimita 5.4 kwa 4, sawa na picha ya fomu ya skuli.

Ndiyo maana wapiga picha wetu hawakuiogopa. Mji huu umezoea picha nzuri. Capital Art Studio ya Shangani ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Kulikuwa na mkanda, kusafisha, na kusubiri. Kamera ya simu haikuwa na taa ya kumulika, wala lenzi yake haikusogea kutafuta umbali. Sensa yake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo mno, hukusanya mwanga haba, ndiyo maana picha ya usiku ilijaa chengachenga. Ilikuwa na hali ya usiku, ambayo huacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi, lakini mkono ukitikisika kidogo tu, uso unakuwa moshi.

Jibu hasa la yule kijana ni hili. 7650 ilitoka kiwandani haiwezi kurikodi video. Baadaye watu wengine kabisa waliandika programu, wenye simu wakaipakia, na simu ile ile, kwa lenzi ile ile, ikaanza kurikodi. Kitochi hukifundishi hivyo.

Kutuma picha kulikuwa na njia kadhaa. Ujumbe wa picha ulipitia mtandao wa simu, ukahitaji mipangilio ya mtandao na simu ya pili iwe na uwezo wa kuupokea. Infraredi ilitaka simu mbili zitazamane karibu karibu. Bluetooth ilifika kama mita 10, haikuhitaji vocha, na ndiyo iliyotuletea lile neno "nirushie".

Na kurusha ndiko kulikoleta hofu harusini. Upande wa wanawake, bi harusi na wageni wake hujipamba wakijua kuwa wanaowaona ni wanawake wenzao. Picha ya mkanda ilikuwa na mtu mmoja wa kuulizwa. Picha iliyo faili haipungui kwa kugawiwa. Anayerushiwa anayo kamili, na aliyerusha bado anayo. Naona waliokataza simu zenye kamera ukumbini waliielewa dhana hii mapema kuliko sisi tuliozisifu. 7650 angalau ilikuwa na stara yake: ni simu ya kusukuma, na lenzi iliyo mgongoni hufichika simu ikifungwa.

Kama nyumbani ipo simu ya zama zile ndani ya droo, usiitupe kabla hujatazama ndani. Chaja yake ni ile ya pini nene ya Nokia, mafundi wengi bado wanayo. Kwa kuwa 7650 haina kadi ya kuchomoa, iwashe Bluetooth, chagua picha, itume kwenye simu ya Android iliyo karibu, mojamoja. Simu za iPhone hazipokei faili kwa njia hiyo. Fundi wa Darajani aliniambia ile ya kabatini ilipowashwa mara ya mwisho ilikuwa na picha kumi na mbili, zote za mtoto mmoja, na mwenyewe hajarudi kuzichukua.