Kubadilisha ekzosi ni kubadilisha nini hasa?

Mwenye sedani ya kimichezo akisema anataka kufungua ekzosi, mara nyingi anataka mambo mawili kwa pamoja: gari lingurume vizuri na lichomoke zaidi. Bomba ni moja, lakini mambo hayo mawili hayakai mahali pamoja. Nguvu huamuliwa karibu na injini, sauti huamuliwa zaidi upande wa nyuma. Asiyejua hilo hulipia sailensa ya nyuma akisubiri nguvu isiyokuja, au hung'oa katalisti akitafuta mlio ambao baada ya wiki mbili unampasua kichwa.

Ekzosi ni njia nzima ya moshi kutoka kwenye silinda hadi nje. Moshi ukitoka kwenye vali huingia kwenye manifoldi, ambako njia za silinda zote hukutana. Kama injini ina tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukumia silinda hewa zaidi, moshi huizungusha kwanza, kisha hushuka kwa bomba liitwalo daunpaipu. Inafuata katalisti, kifaa chenye masega yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu ili kupunguza sumu ya moshi. Magari mengi mapya ya petroli yanayouzwa Ulaya yana pia kichujio cha masizi, na ndiyo sababu mojawapo toleo jipya la gari lile lile husikika pole kuliko la zamani. Baada ya hapo kuna bomba la kati, mara nyingi likiwa na resoneta, kopo la kufifisha milio fulani, halafu sailensa, halafu ncha zinazochungulia chini ya bampa. Seti ya kubadilisha kila kilicho nyuma ya katalisti huitwa katibeki. Ile inayoanzia nyuma ya ekseli tu huitwa ekselibeki. Ncha ni urembo: kipenyo chake hakiongezi nguvu, na sauti inaigusa kidogo sana.

Je, injini inahitaji mgandamizo wa nyuma?

Kauli kwamba injini inahitaji mgandamizo wa nyuma, yaani moshi uzuiwe kidogo bombani, husemwa karakana baada ya karakana, na imewapotosha wengi. Hakuna injini inayofaidika na moshi kuzuiwa. Inachohitaji ni moshi kwenda kwa kasi. Kila vali ya kutolea ikifunguka, bonge la moshi hukimbia bombani na kuacha nyuma yake eneo lenye mgandamizo mdogo. Kwa muda mfupi vali ya kutolea na ya kuingizia huwa wazi zote mbili, na eneo hilo husaidia kuvuta masalia ya moshi na kukaribisha hewa mpya. Bomba likiwa jembamba mno, moshi husongamana injini inapozunguka sana. Likiwa pana mno, moshi hupoa na kupunguza kasi, mvuto huo hudhoofika, na torki ya chini, yaani nguvu ya kusukuma gari injini inapozunguka taratibu, hupungua. Dereva huhisi gari limelegea kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika na kusema amepoteza mgandamizo. Alichopoteza ni kasi.

Kwa hiyo kipenyo kifuate nguvu ya injini, si tamaa ya macho. Injini ya lita 2.0 isiyo na tabo, yenye nguvu farasi 150 hadi 200, hutoshelezwa na bomba la milimita 57 hadi 63. Sedani yenye tabo na nguvu farasi 250 hadi 350 hubeba milimita 76 bila shida. Tofauti ya 63 na 76 inaonekana ndogo mkononi, lakini eneo la tundu huongezeka kwa takriban asilimia 45, kwa hiyo usilichukulie bomba la 76 kama hatua moja ndogo mbele.

Tabo ina hesabu yake. Hufanya kazi kwa tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya gurudumu lake la moto, hivyo kadiri njia ya nyuma yake inavyokuwa nyepesi, ndivyo inavyoamka mapema. Ile habari ya mabonge kuvuta hewa ina uzito mdogo baada ya tabo, kwa sababu gurudumu limeshayavunja.

Nguvu inapatikana wapi

Katibeki kwenye injini isiyo na tabo huleta nguvu farasi chache tu. Watengenezaji wa leo hawaachi kizuizi kikubwa sehemu hiyo, na anayeahidi nguvu farasi 30 kwa sailensa pekee anauza maneno. Unachopata kwa hakika ni sauti, na wakati mwingine kilo kadhaa zinazopungua.

Heda, yaani manifoldi ya mabomba marefu yaliyotenganishwa, hugusa nguvu moja kwa moja kwenye injini isiyo na tabo. Kwa silinda nne kuna mipangilio miwili mikuu. Katika 4-2-1 mabomba manne huungana kuwa mawili kisha moja, na torki ya katikati huwa nzuri, jambo linalofaa gari la kila siku. Katika 4-1 yote manne hukutana mara moja, na faida huelekea kwenye mizunguko ya juu. Angalia kwanza kama manifoldi ya gari lako hufunguka kutoka kwenye injini: injini nyingi za sasa manifoldi yake imeumbwa ndani ya silinda hedi, na hapo heda haipo kabisa.

Kwenye gari la tabo, daunpaipu ndiyo sehemu yenye faida kubwa kuliko zote, ila haitakiwi kufungwa peke yake. Kompyuta ya injini ilipangwa kwa bomba la zamani. Moshi ukipita kwa urahisi, tabo hujaza zaidi, na kama vali ya kupunguzia mgandamizo wa tabo ni ndogo, mgandamizo hupanda polepole kupita kiwango kilichowekwa. Mafuta yasipofuata, mchanganyiko huwa mkavu, yaani hewa nyingi kwa mafuta machache, injini hugonga, na pistoni huumia. Daunpaipu na programu mpya ya kompyuta viende pamoja, kisha gari lipimwe kwenye dino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, huku uwiano wa hewa na mafuta ukisomwa.

Kuhusu kung'oa katalisti, ushauri wangu ni usifanye kwa gari la barabarani. Marekani sheria ya shirikisho inakataza, na nchi nyingi gari la namna hiyo halipiti ukaguzi. Harufu ya moshi huingia ndani ya gari, na oksijeni sensa ya pili, inayokagua moshi baada ya katalisti, huwasha taa ya injini kwa msimbo wa hitilafu P0420. Njia ya kati ni katalisti ya masega mapana: ya kiwandani mara nyingi ina matundu 400 au zaidi kwa kila inchi ya mraba, hii ina 200 au 300. Nguvu unayokosa ukilinganisha na bomba tupu ni ndogo kwa injini ya kawaida. Hata hivyo, gari jipya ambalo kompyuta yake ni kali linaweza kuwasha P0420 hata kwa hiyo, basi uliza kabla ya kununua.

Sauti

Injini ya mipigo minne hutoa mlipuko mmoja kwa kila silinda katika mizunguko miwili. Silinda nne zikizunguka mara 3,000 kwa dakika zinatoa mapigo 100 kwa sekunde. Silinda sita zinatoa 150. Ndiyo maana sedani ya silinda nne haitalia kama ya V8, yenye silinda nane, hata ukiifunga bomba la dhahabu. Bomba huchuja sauti ya injini, halitungi nyingine. Ngurumo ya kudundadunda ya Subaru za injini ya boksa, ambayo silinda zake zimelala pande mbili, hutokana na njia za manifoldi zenye urefu usiolingana. Ukifunga heda yenye njia zinazolingana, ngurumo ile huondoka, na wengine hulia baada ya kulipa. V6 nyingi nazo hutoa mlio wa kukwaruza zikiachwa wazi. Dawa yake ni resoneta, au kuunganisha mabomba ya pande mbili kwa umbo la X, linalolainisha mlio na kuupandisha kidogo. Muungano wa umbo la H huacha mlio mzito zaidi.

Sailensa ziko za namna mbili hasa. Ya vyumba hurudisha mawimbi yagongane na kuuana. Mlio wake ni mzito, inadumu, ila inazuia moshi zaidi. Ya kunyooka ina bomba lenye vitobo lililozungushiwa sufi ya kioo au ya chuma; moshi hupita bila kona, lakini sufi huungua na kupeperuka taratibu, kwa hiyo iliyokuwa tamu mwaka wa kwanza inaweza kuwa kelele baadaye. Nunua inayofunguka ili sufi ibadilishwe, au yenye sufi ya chuma karibu na bomba.

Adui mkubwa hapa ni mvumo: ule mlio mmoja mzito unaojaa ndani ya gari ukiwa safarini kwa mwendo usiobadilika, kwa kawaida kati ya mizunguko 1,800 na 3,000. Video hazitakuonyesha, kwa sababu hurekodiwa nje gari likipigwa resi. Sikiliza gari kama lako ukiwa umeketi ndani, gia ya juu, mguu mwepesi, kwa dakika kumi nzima. Kama ekzosi imeshafungwa na mvumo upo, tawi la bomba lililozibwa mwisho linaweza kuuua. Tafuta mzunguko unaosumbua, tuseme 2,500. Kwa silinda nne hayo ni mapigo 83 kwa sekunde. Urefu wa tawi ni kasi ya sauti ndani yake kugawa kwa mara nne ya mapigo hayo. Gesi iliyotuama kwenye tawi ina joto la wastani, na sauti husafiri humo kama mita 400 hadi 430 kwa sekunde, hivyo tawi linatoka mita 1.2 hadi 1.3. Fundi alikate refu kidogo, ajaribu, kisha apunguze. Shida yake ni nafasi: si kila sedani ina mita nzima tupu chini ya sakafu.

Anayetaka utulivu asubuhi na ngurumo jioni atazame ekzosi yenye vali, ambayo hufunga njia fupi kwenye mwendo mdogo na kuifungua ukikanyaga. Vali hizo hukwama kwa masizi na kutu, basi zifunguliwe na kufungwa mara kwa mara. Milio ya kupasuka unapoachia mafuta ni suala tofauti: mara nyingi hupangwa kwenye kompyuta kwa kuchelewesha moto na kuacha mafuta yawake bombani. Joto lake huyeyusha masega ya katalisti. Nisingeipanga kwenye gari ninalolitegemea.

Chuma, kona na ufungaji

Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 kina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, na hudumu miaka mingi. Cha 409 kina kromiamu karibu asilimia 11. Hupata kutu ya juu juu lakini ni imara na bei yake nafuu. Sumaku husaidia kutambua: 409 hushika, 304 kwa kawaida haishiki. Titaniamu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 40 ukilinganisha na chuma cha ukubwa ule ule, na mlio wake ni wa juu na mkali kidogo. Kona ziwe zimekunjwa kwa mashine yenye kiini ndani, kipenyo kisipungue. Kona iliyobonyea inafuta faida ya bomba pana. Weldi za 304 zipulizwe gesi ya agoni upande wa ndani pia, la sivyo ndani huota chengachenga na nyufa huanzia hapo.

Wakati wa kufunga, ning'iniza seti yote kuanzia mbele ukiwa umekaza nati nusu tu. Sawazisha ncha, hakikisha kuna upenyo wa milimita 20 au zaidi kati ya bomba na bodi, ekseli na mabomba ya breki, ndipo ukaze kutoka mbele kwenda nyuma. Usipuuze upenyo huo: bomba la mita 2 la chuma cha 304 likipata joto la nyuzi 300 zaidi hurefuka kama milimita 10, na hugonga mahali ambapo lilikuwa halifiki. Injini iliyolala kwa upana hutikisika mbele na nyuma, kwa hiyo kipande cha fleksi, yaani bomba linalopindika, ni lazima. Pasipo nacho, manifoldi hupasuka au studi zake hukatika. Gasketi ziwe mpya. Silikoni inayotumika karibu na oksijeni sensa iwe ya aina isiyoidhuru.

Mwisho tafuta uvujaji. Injini ikiwa bado baridi na inazunguka taratibu, mwenzako azibe ncha kidogo kwa kitambaa kinene huku ukisikiliza maungio; mlio wa tsss ndio jibu. Uvujaji ulio mbele ya sensa ya kwanza ndio mbaya kuliko wote: huvuta hewa ya nje kati ya mapigo, sensa hudhani mchanganyiko ni mkavu, kompyuta huongeza mafuta, na unabaki na gari linalokunywa mafuta na msimbo P0171 ambao watu huufuata kwenye pampu na nozeli bila kuangalia bomba. Baada ya injini kupata moto na kupoa mara mbili au tatu, rudi chini ya gari, kaza nati zote tena.