Je, wajua kwa nini kuongeza ndoo mojamoja kunabadilisha zege?

Fundi wa Tororo akikuambia zege la sakafu ni "moja, mbili, nne", anamaanisha ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Ndoo au karai, haidhuru, mradi chombo ni kilekile na kinajazwa sawasawa.

Siku ya kumwaga sakafu ya jiko letu niliona rundo halitatosha. Maji yalikuwa bado hayajatiwa, nikaagiza: ongezeni ndoo mojamoja ya kila kitu. Tukapata 2, 3, 5. Nilijiona mwadilifu kabisa, hakuna aliyependelewa.

Ukitazama haraka, hakuna kilichoharibika: mchanga ulikuwa umeizidi saruji kwa ndoo moja, na bado umeizidi kwa moja. Lakini uwiano hauulizi kimezidi kwa ndoo ngapi, unauliza ni mara ngapi. Mchanga uliokuwa mara mbili ya saruji sasa ni mara moja na nusu. Kokoto zimeshuka kutoka mara nne hadi mbili na nusu. Saruji, iliyokuwa sehemu 1 kati ya 7, imekuwa 1 kati ya 5, na ndiyo yenye bei.

Chukua birika la chai: kikombe 1 cha maziwa, 2 vya maji. Ukiongeza kimoja cha maziwa na kimoja cha maji, ni kama umemimina ndani yake chai nyingine ya nusu kwa nusu. Hiyo ya pili ni nzito zaidi, basi itaivuta ya kwanza upande wake. Rudia mara mia, utakuwa na vikombe 101 vya maziwa kwa 102 vya maji, na hakuna mgeni atakayeamini kwamba ulianza na moja kwa mbili. Unachoongeza nacho kina uwiano wake. Ladha haibadiliki pale tu uwiano huo unapofanana na wa mwanzo.

Kwa hiyo tulipaswa kuzidisha: 2, 4, 8. Kama kokoto zilizobaki ni ndoo 10, gawanya kwa 4, upate 2 na nusu za saruji, kisha 5 za mchanga.

Zege langu halikuwa bovu, kusema kweli. Saruji ikizidi, mara nyingi zege huwa gumu zaidi, ila hugharimu na huelekea kupasuka linapokauka. Cha ajabu zaidi, ndoo 7 kavu hazitoi zege la ndoo 7, bali kama nne na nusu hivi, maana mchanga hujificha kwenye mianya ya kokoto na saruji kwenye mianya ya mchanga.

Hata ndoo yenyewe hudanganya: mchanga wenye unyevu hufura, pengine kwa robo nzima, hivyo ndoo iliyojaa huwa na mchanga mchache kuliko unavyodhani. Asubuhi ile ilikuwa imenyesha. Fundi aliuminya mchanga kiganjani kwanza, ndipo akaanza kuhesabu.